Barua ya wazi kwa watunzaji wa maktaba za programu: tuambieni ni kompaila gani

YAH: KUTAJA WAZI KOMPAILA MNAZOZIKUBALI

Ndugu waandishi na watunzaji wa maktaba za C++, za Rust, na zile za Python ambazo ndani yake kuna C,

Tunajua wengi wenu mnaitunza maktaba usiku, baada ya ajira ya mchana, bila malipo, na shukrani mnazopewa mara nyingi ni malalamiko kama haya. Kwa hiyo niseme mapema nisichokiomba. Siombi muendelee kuzibeba kompaila za mwaka 2013 hadi kiama. Siombi muache kutumia mambo mapya ya lugha. Mkiamua kesho kwamba maktaba yenu haitaki chochote kilicho chini ya GCC 13, ni haki yenu, wala sitanuna. Ninachoomba ni mtuambie. Mtuambie kabla hatujapakua, kwa jina la kompaila na namba ya toleo, mahali ambapo mtu anayeijia maktaba kwa mara ya kwanza atapaona.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ninyi mnajua. Maktaba nyingi zinazoheshimika leo zina seva za majaribio: kila mnapobadilisha msimbo, seva zinaijenga maktaba kwa GCC hii na ile, kwa Clang hii na ile, kwa Visual Studio ya mwaka fulani. Orodha kamili ya kompaila imo humo, kwenye faili la mipangilio la seva, faili ambalo mtumiaji wa kawaida hajui hata kama lipo. Yeye anafungua README na kukuta sentensi moja: “Inahitaji C++17.” Anapakua, anajenga, na skrini inajaa mamia ya mistari ya makosa yanayolalamikia faili ambazo hakuziandika. Hapo ndipo anapoanza kupiga ramli.

Nitaeleza malalamiko yangu moja moja.

1. Namba ya kiwango cha lugha haitoshi.

“Inahitaji C++11” ni kauli inayohusu karatasi ya kamati ya viwango. Mtumiaji hana kamati mezani kwake. Ana kompaila, na kompaila huzaliwa kabla kiwango hakijamezwa chote. Chukueni mfano ambao wengi wenu mnaukumbuka. GCC 4.8 ilitoka mwaka 2013, na toleo la 4.8.1 likatangazwa kuwa limekamilisha lugha yote ya C++11. Ndiyo kompaila iliyokuja na CentOS 7, mfumo uliokaa kwenye seva za watu kwa muongo mzima. Sasa andika programu inayotumia `std::regex`, ambayo ni sehemu halali ya C++11. Faili la `<regex>` lipo. Aina zote zimetangazwa. Kompaila inapita bila kunung’unika, programu inajengeka, unaipeleka kwenye seva ukiwa na furaha zako. Halafu inaendeshwa, inafika kwenye mstari wa kwanza wenye usemi wa mabano ya mraba, na inaanguka kwa `regex_error`. Kumbe tangazo la aina lilikuwepo, lakini kazi ya ndani ilikuwa haijaandikwa. Regex iliyokamilika ilikuja na GCC 4.9, mwaka 2014.

Fikirini maktaba iliyoandika “C++11” kwenye README yake huku ndani ikichambua mafaili ya mipangilio kwa `std::regex`. Mwandishi wake hakudanganya. Kwa karatasi, yuko sahihi kabisa. Lakini mtu wa CentOS 7 ameshikwa na kosa lisiloonekana wakati wa kujenga, linalojitokeza mteja anapobonyeza kitufe. Maneno matano yangetosha kumwokoa: “GCC 4.9 au zaidi, tafadhali.” Hata “tafadhali” ingeweza kubaki.

Mtaniambia CentOS 7 imeshastaafu. Ni kweli, rasmi tarehe 30 Juni 2024. Seva hazisomi kalenda. Na mtindo haujabadilika, ni namba tu zilizobadilika: `std::from_chars` ya namba zenye desimali ni sehemu ya C++17, ila mtumiaji wa GCC aliisubiri hadi toleo la 11, mwaka 2021. Aliyekuwa na GCC 9 ya Ubuntu 20.04 alikuwa “na C++17” na hapohapo hakuwa nayo.

2. Kompaila na maktaba sanifu ni vitu viwili.

Hili ndilo linalosahaulika kuliko yote. Clang kwenye Linux, isipoambiwa vingine, huchukua maktaba sanifu ya GCC iliyomo kwenye mashine. Kwa hiyo mtu anaweza kusakinisha Clang mpya kabisa, akaitaja kwa majivuno, na bado akawa anakula chakula cha GCC ya miaka sita iliyopita. README ikisema “Clang 10 au zaidi” bila kutaja maktaba sanifu, imesema nusu ya habari.

Kuna mahali ambapo nusu ya pili, yaani maktaba sanifu, haipo kabisa. Ubao wa Arduino Uno, unaotumika katika madarasa na karakana za vijana kuanzia Nairobi hadi Arusha, hujengewa programu kwa avr-gcc. Toleo linalokuja na zana za Arduino zenyewe ni la 7.3. Kompaila hiyo inaielewa C++17 vizuri. Ila haina maktaba sanifu ya C++: hakuna `<vector>`, hakuna `<string>`, hakuna `<memory>`. Mwanafunzi anayeona maktaba ya mahesabu iliyoandikwa “C++11, faili moja tu, haitegemei chochote” anaamini haitegemei chochote. Anaiweka, na kosa la kwanza linamwambia `<vector>` haikupatikana. Maneno “haitegemei chochote” yalimaanisha haitegemei chochote isipokuwa maktaba sanifu nzima, jambo ambalo kwa mwandishi mwenye kompyuta ya mezani ni kama hewa.

Na kuna nusu ya tatu, nikiruhusiwa kuhesabu hivyo. GCC 8 ina `std::filesystem`, lakini ni lazima uongeze `-lstdc++fs` wakati wa kuunganisha. Kuanzia GCC 9 huhitaji. Mtu wa GCC 8 asiyejua hilo anapita hatua zote za kukompaili, anakwama mwishoni, na anadhani maktaba yenu ni mbovu. Mstari mmoja, ndugu zangu.

3. Wanaotoa maktaba zilizokwisha kujengwa wana deni kubwa zaidi.

Mwaka 2015 GCC 5 ilibadilisha umbo la ndani la `std::string`. Sababu ilikuwa nzuri: C++11 ilitaka sifa ambazo umbo la zamani halikuweza kuzitoa. Waliotunza GCC wakaacha yote mawili yaishi pamoja, na jina la umbo jipya likapewa alama ya `__cxx11` ndani yake. Tangu hapo, ukichukua faili la `.so` lililojengwa kwa umbo moja ukaliunganisha na programu ya umbo lingine, unapata orodha ndefu ya majina yasiyopatikana, kila moja likiwa limebeba `__cxx11::basic_string` katikati. Asiyejua maana ya alama hiyo anaweza kupoteza wiki. Tena GCC mpya ambayo Red Hat waliitoa kwa ajili ya mfumo wao wa toleo la 7 iliendelea kutumia umbo la zamani, kwa hiyo hata kutazama namba ya kompaila hakumsaidii mtu.

PyTorch, kwa miaka kadhaa, walitoa LibTorch ya Linux kwa namna mbili, moja ya umbo la zamani na moja ya jipya, na wakaziandika hivyo palepale pa kupakulia. Huo ndio uungwana ninaouzungumzia. Linganisheni na wauzaji wa vifaa (sitawataja) wanaokupa faili la zip lenye maktaba iliyojengwa na jina “linux64”. Linux64 ipi? Imejengwa na nini? Ukiwaandikia, anayejibu ni mtu wa mauzo.

4. Semeni na kikomo cha juu.

Tumezoea kudhani kompaila mpya inameza kila kilicho cha zamani. Sivyo. GCC 13 ilipotoka mwaka 2023, mafaili kadhaa ya maktaba sanifu yaliacha kuivuta `<cstdint>` kimyakimya, na maktaba nyingi zilizotumia `uint32_t` bila kuitaja zikaacha kujengeka. Kosa lilikuwa la maktaba, lakini aliyelala macho ni mtumiaji aliyesasisha mfumo wake. Mwaka 2024 GCC 14 ikageuza kuwa makosa kamili mambo ambayo katika C yalikuwa maonyo tu, kama kuita kazi ambayo haijatangazwa. Mwaka 2025 GCC 15 ikaanza kusoma C kwa kiwango cha C23 pasipo kuambiwa, na msimbo wa zamani uliojitengenezea aina yake ya `bool` ukagonga mwamba.

Sisemi mtabiri yajayo. Nasema andikeni: “Toleo hili limejaribiwa hadi GCC 12.” Mtu mwenye GCC 14 akiona hivyo, kosa likimtokea anajua pa kuanzia. NVIDIA, ambao si watu wa kusifiwa kila siku, wanafanya zaidi ya hapo: zana zao za CUDA 10.2 zilikataa wazi GCC iliyozidi 8, kwa ujumbe mmoja unaosomeka. Unaweza kukasirika, lakini umejua.

5. Msipandishe sakafu usiku.

Toleo la 2.4.1 linajengeka kwa GCC 7. Toleo la 2.4.2, ambalo kwa namba yake lingepaswa kuwa marekebisho madogo, halijengeki. Katika orodha ya mabadiliko kuna “usafishaji wa msimbo”. Usafishaji huo ni mtu mmoja aliyeamua kutumia kipengele kipya kwa sababu kinapendeza. Namba za matoleo hayo ni mfano tu, lakini kisa chenyewe kila mmoja wetu amekutana nacho.

Yapo mabadiliko yenye sababu nzito, na hata hayo hayaponi. Februari 2021, maktaba ya Python iitwayo cryptography ilitoa toleo la 3.4, ambalo kwa mara ya kwanza lilihitaji kompaila ya Rust kujengwa. Hoja ya kuhamia Rust ilikuwa ya usalama wa kumbukumbu, na katika hilo niko upande wao. Ila waliotumia Alpine, na waliokuwa na pip ya zamani isiyoweza kuchukua faili zilizokwisha kujengwa, waliamka wakiambiwa watafute kompaila ya lugha ambayo hawajawahi kuigusa, na wengi hawakujua hata kwamba wanaitumia maktaba hiyo. Iliingia kwa mgongo wa nyingine. Kelele zilikuwa kubwa. Baadaye mwaka huohuo watunzaji wakabadilisha mfumo wao wa namba, wakaruka kutoka 3.4 hadi 35.0. Tangazo la mapema lilikuwepo, lakini lilikaa mahali wanapopita watunzaji wenzao. Wale wa mwisho kwenye mnyororo hawakulisikia.

Wenzetu wa Rust wana hali ngumu zaidi na dawa nzuri zaidi. Kompaila yao hutoka kila baada ya wiki sita, ilhali Debian 12 imekaa na toleo la 1.63. Tangu Rust 1.56, Oktoba 2021, kila furushi linaweza kutangaza `rust-version` ndani ya `Cargo.toml`, na tangu 1.84, Januari 2025, Cargo inaweza kuchagua matoleo ya vitegemezi yanayoikubali kompaila uliyonayo. Ni mstari mmoja wa maandishi. Na bado kuna mafurushi ambayo hayana mstari huo! Mashine imejengwa, iko tayari kutusaidia, inasubiri tu mtunzaji aandike namba.

6. “Sakinisha kompaila mpya” si jibu la kila mtu.

Kuna aliye kwenye seva ambayo si yake, chini ya kanuni za benki au hospitali, ambako kubadilisha kompaila kunahitaji kikao. Kuna anayetumia kompaila aliyopewa na mtengenezaji wa chipu, na hakuna nyingine. Kuna mwanafunzi aliyeambiwa na pip kwamba anahitaji Microsoft Visual C++ 14.0, akafungua ukurasa na kukuta ni gigabaiti kadhaa, na bando lake la wiki halifiki hapo. Huyu wa mwisho hataandika malalamiko kwenu. Ataacha tu, au atatafuta faili la zamani la maktaba yenu kwenye kompyuta ya rafiki, alipachike kwenye mradi wake, na libaki humo milele.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Mtu asiyejua ni toleo lipi la mwisho linalokubali kompaila yake hubaki na lile lililowahi kujengeka, hata kama ni la miaka minane nyuma, na hagusi tena. Matobo ya usalama mnayoyaziba kila mwezi hayamfikii. Mnatoa dawa, naye hajui kama kipo kipimo kinachomfaa.

Maombi yangu basi ni haya.

Kwanza, kichwa kimoja ndani ya README, karibu na juu, kiitwacho “Kompaila”. Chini yake mistari ya namna hii inatosha:

GCC: kuanzia 9.3, imejaribiwa hadi 13
Clang: kuanzia 10, ikiwa na libstdc++ ya GCC 9 au zaidi
Visual Studio: 2019 (16.8) na 2022
Toleo la mwisho lililokubali GCC 7: 2.4.1

Huo mstari wa nne ndio ninaoupigania kuliko mingine, na ndio unaokosekana karibu kila mahali. Tenganisheni pia “imejaribiwa” na “tunadhani inafanya kazi”. Zote mbili zinafaa kujulikana, zisivaliane nguo. Boost wamekuwa wakiorodhesha kompaila walizojaribia katika taarifa za kila toleo kwa miaka mingi, na hakuna aliyewaona wadhaifu kwa hilo.

Pili, maktaba yenyewe imkatae asiyefaa mapema, kwa sentensi moja. Maktaba ya JSON ya Niels Lohmann inafanya hivyo: ukiwa na GCC iliyo chini ya 4.8, faili lake linasimamisha kazi, linakuambia toleo lako halikubaliki, na linakupa anwani ya orodha ya yanayokubalika. NumPy 1.26 inasimama mwanzoni mwa ujenzi na kusema inataka GCC 8.4 au zaidi. Mnaotumia CMake, `target_compile_features` yenye `cxx_std_17` ipo tangu 3.8, ingawa kwa sababu nilizoeleza katika hoja ya kwanza, ongezeni na ukaguzi wa namba ya kompaila. Tahadhari moja kwa mnaoandika ukaguzi kwa mkono: msiitegemee `__cplusplus` kwenye kompaila ya Microsoft. Isipoambiwa `/Zc:__cplusplus`, hujibu 199711 hata ikiwa inaelewa C++20, na mtamfukuza mtu aliyestahili kuingia. Tumieni `_MSVC_LANG`.

Tatu, kupandisha sakafu ya kompaila kuwe habari ya kwanza katika orodha ya mabadiliko, kabla ya vipengele vipya mnavyojivunia. Sitawalazimisha mbadilishe namba kubwa ya toleo. Watu wazima wamebishana juu ya hilo bila kumaliza. GoogleTest hawakuibadilisha, lakini walitangaza kwamba 1.12 ndiyo ya mwisho kukubali C++11 na kwamba 1.13 inataka C++14. Mtu alijua asimame wapi.

Nne, kwa mnaotoa maktaba zilizokwisha kujengwa: jina la kompaila, toleo lake, na umbo la `std::string` viwe ndani ya jina la faili au kando yake.

Wahariri wa nyaraka, na wanaojitolea kwa mara ya kwanza wakitafuta kazi ndogo ya kuanzia, hii ni kazi yenu pia. Haihitaji kuuelewa msimbo wote. Inahitaji kufungua faili la mipangilio la seva ya majaribio, kusoma kompaila zilizomo, na kuzinakili kwenye README. Nimetuma marekebisho ya aina hiyo kwa miradi kadhaa. Mingine iliyapokea siku hiyohiyo. Mmoja ulinijibu kwamba “watumiaji wetu wanajua”. Kwa mradi huo, na kwa wengine wenye fikra hiyo, nawaomba msome upya maswali mnayoulizwa na watumiaji wenu, muone ni mangapi yanaanza na namba ya toleo la GCC.

Orodha mnayo. Inakilini.

Wasalaam,
Mtumiaji wa maktaba zenu,
Dar es Salaam